Mashine mpya ya MIG: kutoka kwenye boksi hadi mshono unaoshika

Siku mbili za kwanza niliamini nimeuziwa mashine mbovu ya MIG, yaani ya kuchomelea chuma kwa waya unaosukumwa wenyewe kutoka kwenye roli. Cheche ziliruka kila upande, moshi ulijaa, na mshono ulikaa juu ya chuma kama tope lililorushwa ukutani. Siku ya tatu alipita mzee jirani yangu, fundi wa rodi, vile vijiti vya kuchomelea kwa mkono, tangu ujana wake. Akafungua mlango wa pembeni wa mashine, akasoma karatasi iliyobandikwa ndani, kisha akaniuliza: "Kijana, waya wako huu ni wa gesi au wa dawa?" Ulikuwa wa dawa, yaani wenye unga ndani unaokinga mshono bila gesi ya mtungi, na mashine ilikuwa imefungwa kwa ajili ya gesi. Tukabadilishana ncha mbili za umeme, chanya na hasi, dakika tano tu, na mashine ile ile ikaanza kushona.

Tangu hapo nimeitwa kwenye karakana nyingi hapa Morogoro kuangalia "mashine mbovu", na nyingi nimezikuta nzima. Anayetoka kwenye rodi amezoea kuchomeka plagi, kubana ethi (klampu ya waya wa kurudisha umeme) kwenye chuma na kuanza kazi. MIG haikubali hivyo. Umeme, ncha, waya, njia ya waya na gesi lazima vyote vipatane, na kimoja kikikosewa unaharibu chuma huku ukimlaumu muuzaji. Nitaeleza kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe ninapofungua boksi.

Kabla hujalipa, uliza gesi iko wapi

Watu hununua mashine kwanza, halafu ndipo wanaanza kutafuta gesi. Mimi nashauri uanze na gesi. Kama mji wako hauna pa kujaza mtungi, au kila ukiisha lazima uupakie kwenye gari kwenda mji mwingine, basi ujue mapema kwamba utafanya kazi kwa waya wa dawa, ambao hauhitaji mtungi. Si aibu. Kwa anayezunguka kwa wateja kurekebisha mageti na matrela nje penye upepo, waya wa dawa ndio unaofaa zaidi.

Kwa kazi ya chuma cha kawaida gesi ziko mbili: kaboni dayoksaidi tupu, au mchanganyiko wa agoni na kaboni dayoksaidi, mara nyingi agoni asilimia 75 hadi 82. Mchanganyiko unatoa mshono laini na cheche kidogo, lakini bei yake iko juu na hapa kwetu haupatikani kila mahali. Kaboni dayoksaidi ni rahisi, moto wake unaingia ndani sana, ila cheche zake ni nyingi. Kwa mageti, grili na vitanda vya chuma, mimi naitumia hiyo bila wasiwasi.

Na gesi hiyo tunayo wenyewe. Kampuni ya TOL Gases inaivuna kutoka ardhini wilayani Rungwe, mkoani Mbeya, mahali ambapo volkano za zamani bado zinaisukuma juu kupitia visima. Kenya nako kampuni ya Carbacid inaichimba Kereita, kaunti ya Kiambu. Gesi ya aina hiyo hiyo ndiyo inayotiwa kwenye soda, kwa hiyo kama mjini kwako kuna anayesambaza gesi kwa wenye mashine za vinywaji, anza kuuliza kwake. Kwa agoni na mchanganyiko, nenda kwa wauzaji wa gesi za viwandani, wale wale wanaohudumia hospitali kwa oksijeni.

Uliza maswali haya kabla ya kuchukua mtungi: unanunua au unakodi? Wakikujazia, wanakujazia mtungi wako au wanakubadilishia? Mtungi umepimwa lini? Tarehe ya kupimwa hugongwa kwenye shingo ya mtungi, na uliopitwa na muda kituo makini hakitaujaza. Ulizia pia kama ndani una bomba refu linalofika chini. Mitungi ya namna hiyo hutoa kimiminika badala ya hewa, na kwa MIG haifai kabisa. Halafu nenda na regyuleta yako mkononi, kile kifaa cha kupunguza shinikizo la gesi ya mtungi, uijaribu kwenye mtungi pale pale. Nyuzi za mitungi ya agoni na za kaboni dayoksaidi hazifanani, na regyuleta inayokuja ndani ya boksi kutoka China inaweza isiingie kwenye mtungi wowote wa hapa. Usilazimishe na usifunge utepe wa mabomba ya maji. Nunua regyuleta inayolingana, au kiungio cha shaba kilichotengenezwa kwa kazi hiyo.

Umeme

Soma kibati kilichogongwa nyuma ya mashine, usisome maandishi makubwa ya ubavuni. Ubavuni panaweza kuandikwa 250, kumbe kibati kinasema ampea 160 kwa asilimia 60. Maana yake ni kwamba katika kila dakika kumi unaweza kuchoma dakika sita kwa ampea 160, kisha unaiacha ipoe. Kwenye kibati hicho tafuta pia ampea inazovuta kutoka ukutani. Mashine ndogo ya inveta ikitoa ampea 200 inaweza kuvuta zaidi ya 30. Soketi zetu za kawaida ni za ampea 13. Zitakuhudumia kwenye bati na paipu nyembamba, lakini ukipandisha moto, plagi itaanza kunuka na kuyeyuka.

Mwite fundi umeme mwenye leseni akuwekee laini ya peke yake kutoka kwenye meini switchi: waya wa milimita 6 za mraba, breka ya ampea 32 ya aina C, na soketi ya viwandani ile ya bluu. Aina C inavumilia mshtuko wa mashine inapowaka. Breka nyingine zitakuwa zinakatika bila sababu. Ethi ya jengo iwe ya kweli, nondo ya shaba iliyozama ardhini, si waya uliofungwa kwenye dirisha.

Ekstensheni ndiyo adui mkubwa wa mashine hizi. Mita 20 za waya wa milimita 1.5 zinameza zaidi ya volti 10 mashine ikivuta ampea 25. Kama uko mwisho wa laini, na jioni umeme wako umeshafika volti 200, hizo kumi ndizo zinazofanya moto ukatikekatike. Tumia waya mnene na mfupi, na uukunjue wote, maana ukiuacha umezungushwa unapata joto hadi unayeyuka. Mita ya kupimia volti si ghali. Pima wakati mashine inachoma, si wakati imekaa.

Ncha: hapa ndipo nilipokosea

Waya mtupu wa gesi: tochi (mkono unaoshika unapochoma, unaotoa waya na gesi) iwe kwenye chanya, klampu ya ethi kwenye hasi. Waya wa dawa usiotumia gesi: tochi hasi, klampu chanya. Mashine nyingine zinabadilishwa kwa boliti mbili ndani ya mlango, nyingine kwa mkia mfupi wa waya unaochomekwa mbele. Zima mashine na uchomoe plagi kabla ya kugusa boliti hizo, kisha zikaze kwa spana. Ncha iliyolegea inaungua.

Klampu yenyewe nayo itazame. Zile za bati zinazokuja bure zinabana kwa nukta mbili tu. Ibane kwenye chuma kilichosuguliwa hadi kinang'aa, karibu na unapochoma, na mapema iwezekanavyo nunua nzito ya shaba. Rangi na kutu chini ya klampu vinaleta moto unaopepesuka, na fundi anaanza kuzungusha vifundo vya mashine bila faida.

Waya na njia yake

Kwa mashine ya karakana ndogo, waya wa milimita 0.8 unatosha karibu kazi zote, kuanzia paipu ya milimita 1.2 hadi engo ya milimita 5. Kwenye boksi la waya tafuta alama ER70S-6. Hiyo 6 ni daraja lenye silikoni na manganizi zaidi, vitu vinavyosaidia kuondoa uchafu kwenye chuma kilichoyeyuka, na kwa vyuma vyetu vyenye kutu kidogo inasaidia sana. Kwa waya wa dawa alama mbili utakazokutana nazo ni E71T-GS na E71T-11. Ya kwanza ni ya mshono mmoja tu. Ukitaka kupanga mshono juu ya mshono, chukua ya pili.

Roli zinakuja za kilo 1, kilo 5 na kilo 15. Ya kilo 1 ni ya kujaribia. Kwa kilo inakutoka ghali kuliko zote. Hakikisha kwanza mashine yako inabeba ukubwa gani.

Sasa fungua mlango. Rola inayosukuma waya ina mifereji miwili, kila mmoja na ukubwa wake. Chagua unaolingana na waya: mfereji wa umbo la V kwa waya mtupu, wenye meno kwa waya wa dawa. Toa nozeli (kikombe cha mbele) na tipu (kincha cha shaba kinachopitisha waya) kwenye tochi, kisha pitisha waya. Kabla ya kuuingiza, kata ncha iliyopinda na uilainishe kwa tupa, la sivyo itakwaruza laina, ule mrija wa ndani unaopitisha waya hadi kwenye tochi. Usiachie mwisho wa waya hata sekunde moja, kwa sababu roli inafumuka yote kama saa iliyovunjika springi na hutaipanga tena. Nyoosha tochi chini sakafuni bila kona, bonyeza kitufe cha kusukuma, na waya ukitoka rudisha tipu ya namba ile ile: 0.8 kwa 0.8.

Kukaza rola kunataka mkono wa taratibu. Wengi wanakaza hadi mwisho, na waya wa dawa unapondeka, laina inajaa unga. Legeza kabisa, vaa glavu, elekeza tochi kwenye kipande cha mbao kwa umbali wa sentimita 4 hivi, usukume waya bila kuwasha moto wala kugusana na klampu. Ukiteleza kwenye rola, kaza kidogo. Rudia hadi waya ugonge mbao na kujikunja bila kuteleza, kisha acha hapo hapo. Breki ya roli nayo iwe nyepesi, roli isimame unapoachia kitufe, isiendelee kuzunguka.

Gesi kwenye mashine

Simamisha mtungi na uufunge kwa mnyororo ukutani au kwenye toroli. Mtungi ukianguka na valvu ikakatika unakuwa kombora. Kabla ya kufunga regyuleta, simama pembeni, fungua valvu nusu sekunde ipulize vumbi, funga. Kaza regyuleta kwa spana, unga mpira, fungua valvu polepole, kisha paka povu la sabuni kwenye kila kiungo. Povu likifura, kuna uvujaji, na mtungi utaukuta mtupu Jumatatu.

Weka lita 10 hadi 12 kwa dakika ukiwa ndani, 15 kama kuna upepo kidogo. Kuzidisha hakusaidii: gesi ikitoka kwa kasi inavuta hewa ya nje, na mshono unapata vitundu vile vile ulivyokuwa unavikimbia.

Kuna jambo moja la kaboni dayoksaidi linalowachanganya wengi. Ndani ya mtungi ni kimiminika, kwa hiyo geji ya shinikizo inabaki pale pale, bar 55 hadi 70 hivi kulingana na joto, mpaka kimiminika kiishe. Halafu inashuka ghafla. Kujua kilichobaki, pima mtungi kwa mizani na utoe uzito wake mtupu uliogongwa shingoni. Kilo moja inatoa kama lita 540 za gesi, yaani kwa lita 10 kwa dakika ni dakika 54 za kubonyeza kitufe. Mtungi wa kilo 10 ni saa 9 za moto, na kwa fundi anayepima, kukata na kusugua katikati, hizo ni siku nyingi. Ukichoma mfululizo, regyuleta inaweza kuganda barafu. Ipumzishe, au tumia yenye hita.

Kama karakana yako ni kontena, acha milango wazi. Gesi hizi ni nzito kuliko hewa, zinakaa chini na kufukuza oksijeni, na hazina harufu ya kukuonya.

Kuweka namba

Kwanza pima unene wa chuma kwa venia. Skwea paipu inayouzwa kama ya milimita 1.5 mara nyingi ukiipima iko chini ya hapo, na wewe unashangaa kwa nini inatoboka.

Kanuni ninayoanzia: ampea 40 kwa kila milimita ya unene. Kwa waya wa 0.8, mita moja ya waya kwa dakika ni kama ampea 20, kwa hiyo ampea 80 ni mita 4. Kwa volti, chukua 14 ujumlishe ampea mara 0.05. Ampea 80 inakupa volti 18. Kwa kaboni dayoksaidi tupu unaweza kuhitaji volti moja zaidi, na kwa mchanganyiko moja pungufu. Hizo ni namba za kuanzia. Sikio ndilo linalomalizia. Moto uliokaa sawa unalia kama dagaa wanaokaangwa kwenye mafuta ya moto, mfululizo. Waya ukigonga na kusukuma mkono nyuma, waya ni mwingi au volti ni ndogo. Ukiyeyuka kuwa tone kubwa na kurudi kwenye tipu, volti ni kubwa au waya ni mdogo. Badilisha kifundo kimoja kwa wakati mmoja.

Mashine zinazojipangia zenyewe ukichagua unene ni nzuri kwa anayeanza, lakini zinaamini kile ulichoziambia. Ukichagua mchanganyiko wakati umefunga kaboni dayoksaidi, zitakudanganya kwa unyofu kabisa.

Mshono wa kwanza, na jinsi ya kutouamini

Sugua chuma kwa grainda, uondoe rangi, kutu na yale magamba meusi ya kiwandani. Waya utokeze milimita 10 hivi nje ya tipu. Wa dawa, 15. Inamisha tochi nyuzi 10 hadi 15. Kwa waya wa gesi kwenye chuma chembamba, sukuma mbele. Kwa waya wa dawa, vuta. Angalia dimbwi la chuma kilichoyeyuka, si mwanga.

Sasa jambo ninalotaka kila mwenye MIG mpya alijue. Rodi ikikosea, unaona: mshono ni mbaya. MIG ikikosea inaweza kukupa mshono mzuri, uliopangika kama magamba ya samaki, ambao haujashika. Chuma cha juu kimeyeyuka, cha chini kimepata joto tu. Mshono kama huo kwenye bawaba ya geti la kilo 200 unamwangukia mtoto wa watu. Kwa hiyo kabla ya kazi yoyote ya mteja, chukua vipande viwili vya chuma kile kile, viunge upande mmoja kwa umbo la T, bana kwenye jiliwa, na ukipige nyundo kipande kilichosimama kutoka upande usiochomwa, kikunjike kuelekea upande wenye mshono. Ukichomoka wote na kuacha chuma cha chini kikiwa safi, haukushika. Ongeza volti na waya, punguza mwendo, rudia. Ukipinda bila kuachia, au chuma chenyewe kikichanika, umefika. Halafu kata kipande kingine kwa msumeno, usugue ulipokata, uone moto umeingia kiasi gani. Mimi hufanya hivi hata leo ninapobadili roli au mtungi.

Macho na mapafu

Miwani ya jua si kinga ya moto huu. Nunua helmeti yenye kioo cha kujigeuza, uiweke namba 11 ya giza kwa ampea 100 hadi 150, na usishuke chini ya 10. Funika mikono na shingo, maana miali ya MIG inaunguza ngozi kama jua la mchana kutwa. Wajulishe watoto na wapita njia, na ning'iniza turubai mahali panapotazama barabara.

Paipu ya mabati isugue zinki hadi chuma cheusi kabla ya kuchoma. Moshi wake mweupe unaleta homa na baridi kali usiku huo. Wengi wetu tumefundishwa kunywa maziwa baada ya kazi. Maziwa ni chakula kizuri, lakini yanaenda tumboni. Moshi umeshaingia mapafuni. Kinachosaidia ni hewa inayopita, kichwa kikiwa nje ya wingu la moshi, na barakoa ya kuchuja mafusho. Feni isielekezwe kwenye mshono, itapeperusha gesi. Iweke ivute moshi kutoka upande wa pili.

Vifaa vya kuweka akiba

Tipu nunua kumi kwa pamoja, na nozeli mbili. Tochi nyingi ndogo ni za mtindo wa MB15, na tipu zake ni nyuzi M6, urefu milimita 25. Hata hivyo nenda na tipu yako ya zamani dukani, uilinganishe kwa kuifunga. Dar es Salaam, mitaa ya Gerezani na Kariakoo ina maduka mengi ya vifaa hivi. Nairobi, tafuta Industrial Area. Laina moja ya akiba itakuokoa siku waya utakapoanza kukwama bila sababu. Wauzaji wengi hutuma mzigo kwa basi, ila mtungi usiupakie kwenye basi la abiria. Usafirishe umesimama, umefungwa, valvu imefunikwa, regyuleta imetolewa.

Jioni funga valvu ya mtungi, bonyeza kitufe gesi iliyobaki itoke, legeza regyuleta. Kama uko pwani, Tanga au Mombasa, toa roli ya waya uiweke kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa. Waya ukishika kutu unakwaruza laina na kuziba tipu. Halafu chukua kalamu ya rangi, uandike kwenye ubavu wa mashine namba zilizokupa mshono uliopita jaribio la nyundo. Kwenye yangu, kwa waya wa 0.8, pameandikwa: milimita 1.5, ampea 60, volti 17. Milimita 2, ampea 80, volti 18. Milimita 3, ampea 120, volti 20.